Sura ya Saba: Ngazi Isiyo na Kitabu

Kobe hakuwa na ugomvi na kompyuta, ila hawakuzoeana. Alipokuwa bado askari aliletewa moja ofisini, akaitandikia kitambaa na kuweka chupa ya chai juu yake, ikakaa hivyo mpaka akastaafu. Kwa hiyo asubuhi ile alipovuta kiti na kukaa kando ya Fundi, mbele ya skrini pana kama dirisha, alikaa mkao wa mtu aliyekuja kung'olewa jino.

Hilo jina la Kobe si la kuzaliwa. Wenzake kazini walimpa kwa ajili ya mwendo wake, na wengine wakasema ni kwa sababu akishauma kitu haachii. Sasa kobe na kuuma wapi na wapi, lakini jina likishamganda mtu, nani ataenda kulibandua.

Chumba chenyewe zamani kilikuwa gereji ya nyumba ya mzee. Bado sakafuni palikuwa na doa la oili ambalo sabuni zote zilishindwa. Gari lilishauzwa, zikaingia rafu za vitabu, mashine ya kuskani, feni iliyokuwa ikigeuza shingo kama mtu anayesikiliza watu wawili, na Fundi mwenyewe, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'iniza na mafua yasiyoisha. Alikuwa anapenga kamasi kwanza ndipo anajibu.

Mwenye nyumba alikuwa ghorofani, kitandani. Huyo ndiye Mzee Kwanini, mwanafalsafa, yule ambaye ukimwambia habari za asubuhi atataka kujua kwa nini umesema asubuhi. Alifundisha maisha yake yote jambo moja akiligeuza huku na huku: kwamba ukweli ni haki ya mtu, na huna ruhusa ya kumnyima eti kwa sababu utamuumiza. Aliandika vitabu, alitoa mihadhara, watu wakampenda na wengine wakamkimbia. Binti yake, Mama Pacha, akachukua kila alichoandika, ukurasa kwa ukurasa, miaka na miaka, akakiingiza kwenye mashine ile. Wakaiita Ghala. Unaliuliza Ghala, mzee alisema nini kuhusu woga? Linakuletea kila mahali alipougusa woga, hata kama hakuutaja. Wasomi walikuja kutoka mbali kukaa kwenye kile kiti kilichopasuka ngozi, wakauliza, wakaandika, wakaondoka wameridhika.

Halafu mzee akapigwa na kiharusi. Kikamwachia neno moja tu, ndiyo. Ukimuuliza unataka maji, ndiyo. Ukimuuliza wewe ni tembo, ndiyo. Daktari alisema hajui kwamba ndilo analotoa. Na baada ya hapo ndipo likakutwa faili kwenye kompyuta yake ya chumbani, limepewa jina Neno la Mwisho. Ndani yake mzee anakana yote. Anasema ukweli unaouma ni ukatili uliovaa suti, anasema uongo wa huruma ndio utu, anawaomba wanafunzi wake wamsamehe na wasahau. Mchapishaji alikuwa ameshapanga kurasa, mitambo inaanza kuzunguka wiki hiyohiyo. Mama Pacha ndiye aliyemwita Kobe. Alimwambia mambo mengi siku ile, na mengine Kobe ameshayasahau, lakini moja halikumtoka: kama baba yangu aliandika haya, basi mimi nimelelewa na mtu nisiyemjua. Niambie tu, mzee wangu, hata kama ndivyo. Niambie kabla hayajachapwa.

Kobe alikuwa amepoteza siku kadhaa na yule mwanafalsafa mwingine, hasimu wa mzee, aliyebishana naye magazetini tangu nywele zao ni nyeusi. Ilionekana ndiye. Nani mwingine angefurahi? Kumbe yule bwana aliposoma Neno la Mwisho alilala siku mbili hali chakula. Alimwambia Kobe kwamba ametumia ujana wake wote kusukuma ukuta, na sasa ukuta umeondoka, yeye ameanguka kifudifudi. Tena kompyuta hajui hata inawashiwa wapi. Kobe akamfuta kwenye orodha ya washukiwa.

Na mashine ilishatoa hukumu yake. Fundi alimweleza kwamba mtu anaweza kuficha mawazo, lakini hawezi kuficha vijineno vyake, vile vya lakini na yaani na hata hivyo, ambavyo vinamtoka bila yeye kujua, kama mtu anavyoburuta mguu wake mmoja. Mashine inavihesabu, inaangalia vimekaaje, inalinganisha. Walipoiwekea Neno la Mwisho ikajibu bila kusita kwamba mwenye mguu huu ni mzee mwenyewe.

"Basi yameisha," Fundi alisema, akipenga.

Kobe akaguna. Akaanza kumsimulia Fundi, kwa ule urefu wake wa kuchosha, habari za gari moja alilolikamata zamani. Gari zuri, linang'aa. Mlango ni halali, injini ni halali, boneti ni halali, kila kitu kikipimwa kinasema ndiyo mimi ni gari la aina hii. Lakini mlango ulitoka kwenye gari moja, injini kwenye jingine, boneti kwa jirani. Kila kipande halali, gari haramu. Walilijuaje? Waliacha kuuliza linafanana na nini, wakauliza kila kipande kimetoka wapi.

Fundi alikuwa ameacha kupenga. Alimwangalia Kobe juu ya miwani.

"Hilo linawezekana," akasema. "Hakuna aliyeniomba."

Akaandika, akasubiri, akaandika tena. Alikuwa analiambia Ghala lichukue Neno la Mwisho, lishike kila sentensi, liitafutie mama yake. Kila kitabu akakipa rangi yake, kitabu cha kwanza kijani, cha pili njano, mihadhara bluu, na kadhalika. Mashine ikavuma. Halafu zile kurasa nyeusi na nyeupe zikaanza kuvaa, sentensi moja moja, mpaka skrini nzima ikawa kama shuka la viraka.

Hata Kobe asiyejua kompyuta alielewa. Mtu anayeandika kwa kichwa chake hatoi sentensi iliyokatwa nusu kutoka kitabu cha kijani na nusu kutoka cha njano, imegeuzwa tumbo ikaonekana mgongo. Fundi akamwonyesha mahali mzee alipoandika zamani kwamba uongo wa huruma ni wizi unaofanywa taratibu. Kwenye Neno la Mwisho maneno ni yaleyale, vijineno ni vilevile, ila wizi umetolewa ukawekwa utu. Ndiyo maana mashine ilidanganyika. Ilipimishwa nguo ya mzee, ikasema ni nguo ya mzee. Nani ameivaa, haikuulizwa.

"Hapa pana kijivu," Kobe akasema. "Kijivu ni kitabu gani?"

Karibu na mwisho palikuwa na aya moja, haikuwa kijani wala njano wala bluu. Ilikuwa mfano wa mtu aliyeko juu ya paa. Ngazi imeondolewa, na aliyeko chini anamwambia hushuki mpaka useme ukweli. Je, ukweli unaosemwa ili mtu ashuke ni ukweli, au ni nauli tu?

Fundi alinyoosha mkono kuufunga ule ukurasa. Kobe akauwahi mkono, taratibu, kama anavyozuiwa mtoto asishike sufuria.

"Kijivu ni nini, mama?"

Ikabidi aseme. Ukijenga mashine kama hii, alisema, lazima uipime. Unaitilia ndani kurasa chache za uongo, zilizoandikwa kwa kumwigiza mwenyewe, uone kama itazitambua. Wao waliziita kurasa za mtego. Zilipaswa kuondolewa baada ya majaribio, lakini majaribio ya kile kipimo cha vijineno yalikuwa hayajaisha mzee alipoanguka, watu wakakimbilia hospitali, na zile kurasa zikasahaulika humo ndani, zimechanganyika na vitabu vya kweli. Ngazi ilikuwa mojawapo. Haiko kwenye kitabu chochote. Mzee hakuwahi kuiandika wala kuifikiria. Kobe akaomba aonyeshwe huo ukurasa wa mtego mzima, akausoma mara mbili.

Kobe akauliza aliyeiandika ni nani. Fundi akavua miwani akaifuta, ikawa safi, akaendelea kuifuta.

"Mama Pacha," akasema. "Hakuna mwingine anayeweza kumwigiza baba yake. Hata mashine ilishindwa kuwatofautisha."

Kobe alishawahi kuajiriwa na mwizi amtafute mwizi, hilo si geni kwake. Akauliza Ghala linafunguliwa na nani. Fundi akasema ni watu wawili tu wenye neno la siri, yeye na Mama Pacha. Na neno lenyewe? Fundi akaona haya kidogo, maana fundi mzuri hachagui neno la siri la namna ile. Yalikuwa majina ya watoto pacha wa Mama Pacha, yameunganishwa.

Kobe alipanda ngazi za nyuma kwenda jikoni akipumzika kila baada ya hatua chache. Mama Pacha alikuwa mezani anakunja mashuka ya mgonjwa, mrundo mrefu uliotoka kuanuliwa. Pacha wenyewe wako shule ya bweni, nyumba imepoa. Kobe hakuzunguka. Alimsomea ile aya, akamtazama usoni.

Mama Pacha alisikiliza na shuka limemning'inia mkononi. Mwanzoni alitikisa kichwa kama mtu anayesikia wimbo anaoujua. Halafu akasimamisha kichwa.

Alisema hii ni yangu. Akauliza imefikaje huko.

Kobe akamwambia hilo ndilo alilokuja kumuuliza. Akamuuliza pia imekuwaje hakuiona mwenyewe, na huku alishamwambia kwamba Neno la Mwisho alimsomea baba yake kwa sauti. Mama Pacha akajibu kwamba hakufika huko. Alisoma mpaka mahali baba anaposema hata mwanangu wa pekee nimemlea kwa ukatili, akafunga karatasi, hakuzifungua tena. Baba machozi yalikuwa yanamtoka, lakini jicho lake la kushoto siku hizi linatoa machozi lenyewe, kwa hiyo hata hilo hakujua alichukulieje.

Kobe alikuna kidevu. Akiyapanga, yalikuwa yanakataa kukaa upande wa huyu mama. Aliyezitega zile kurasa anajua zilipo. Mtu hatumbukii kwenye shimo alilochimba yeye, mchana, akiwa anaandika kitu anachotaka kiaminike. Na Fundi hivyohivyo, ndiye aliyezitia kwa mkono wake. Aliyeandika Neno la Mwisho ni mtu aliyeliuliza Ghala kila kitu, akaamini kila lilichomletea. Mtu mwenye neno la siri, au mwenye kuweza kulikisia, lakini asiyeambiwa habari za mitego. Tena, na hapa ndipo Kobe alipoona uzito, ni mtu asiyevijua vitabu vya mzee. Angevijua angesimama kwenye ile ngazi akajiuliza, hii mzee aliisema wapi?

"Binti yangu," akasema, "neno la siri ni majina ya pacha. Pacha wana mama mmoja, namwona. Baba yao je?"

Mama Pacha alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekanyagwa. Akasema Baba Pacha hata simu yake anaishika kwa vidole viwili. Na ni kweli, kila mtu aliyajua hayo. Huyo ndiye mwanafunzi aliyependwa kuliko wote, aliyeozwa binti, aliyesimama kwenye kumbi akiwatania watu wa mashine kwamba falsafa haisomwi na pasi ya umeme. Alikuwa anataja maneno ya mkwe wake bila karatasi, watu wanapiga makofi. Mama Pacha akayasema yote hayo, na kadiri alivyosema ndivyo sauti yake ilivyopungua.

Kobe akamwomba jambo moja. Aendelee kukunja mashuka, na lolote atakalosikia, asitie neno mpaka mwisho.

Baba Pacha aliingia na karai, mikono ya shati imekunjwa juu ya viwiko. Mtu mrefu, mpole, mwenye kuinama kidogo kila anapopita mlangoni hata kama mlango ni mrefu. Akamsalimia Kobe shikamoo, akaweka sufuria kubwa ya maji jikoni, akawasha. Akamuuliza mkewe kama ameona ule mto mdogo wa Baba. Mkewe akamwonyesha kwa kidevu.

Kobe akajifanya mzee zaidi ya uzee wake. Akalalamika kwamba kazi hii imemzidi elimu, kuna mahali kwenye Neno la Mwisho, pale pa ngazi, amesoma na kurudia na hajapata kitu. Mwanangu, wewe ndiye unayeyajua haya, nieleweshe.

Baba Pacha akatabasamu. Alipenda kueleza. Akasema huo ni mfano wa zamani wa Baba, upo kwa ufupi kwenye kitabu cha tatu, na darasani aliutoa kwa kirefu.

"Uliusikia mwenyewe?"

"Nilikuwepo. Alikuwa amesimama dirishani, ametupa mgongo, kama kawaida yake."

Kobe akaomba asimuliwe kwa kirefu, kama ulivyosimuliwa darasani. Na Baba Pacha, akitia kidole kwenye sufuria kupima maji, akamsimulia vizuri sana, kwa sauti ya mkwe wake kabisa, mpaka Kobe akaelewa kwa nini watu walikuwa wanapiga makofi. Kuna mwashi amepanda paa la mama mkwe wake kuziba tundu. Alishaapa kwamba ameacha sigara. Akiinama huko juu, kiberiti kinamdondoka mfukoni, kinaanguka miguuni pa mama mkwe. Mama mkwe anakiokota, anakiangalia, hasemi kitu. Anaichukua ngazi, anailaza chini. Hapo ndipo anapomwambia, ukisema ukweli utashuka.

"Kiberiti," Kobe akasema.

"Ndiyo, kiberiti. Ndicho kinachouonyesha uongo."

Kobe akalamba kidole, akafungua karatasi zake, akatafuta, akazigeuza zimtazame Baba Pacha. Akamwambia humu kiberiti hakimo. Mama mkwe hayumo, mwashi hayumo. Kuna mtu, paa na ngazi, basi. Baba Pacha akasema labda Baba alifupisha. Kobe akamwambia kitabu cha tatu nacho hakina ngazi, wala cha pili, wala muhadhara wowote. Mahali pamoja tu duniani ndipo penye mwashi na mama mkwe na kiberiti, nako ni chini gerejini, ndani ya mashine ambayo wewe hujawahi kuishika.

Maji yalikuwa yameanza kutoa mvuke. Baba Pacha alimwangalia Kobe, halafu akamwangalia mkewe, akiomba msaada pale alipozoea kuupata.

Mama Pacha aliliweka shuka juu ya mengine, akalinyoosha kwa kiganja.

"Kiberiti kilikuwa chako," akasema.

Baba Pacha hakuelewa. Ilionekana kabisa kwamba hakuelewa, na Kobe, aliyekaa na waongo maisha yake yote, alisema baadaye kwamba hakuona kitu kibaya kama ule uso usioelewa.

Mama Pacha akasema polepole, kama anamkumbusha mtu aliyeamka kwenye homa. Pacha walikuwa wanatambaa. Tangi la maji juu ya paa lilikuwa linavuja, ukapanda. Kiberiti kikaanguka miguuni pangu. Nikailaza ngazi chini, nikakaa juu yake na watoto, wewe ukakaa huko juu jua lote lile unanitania, halafu unanibembeleza, halafu ukanyamaza. Ulipokuja kusema, hukusema habari za sigara tu. Ulisema yote. Ulishuka unalia, ukaniambia kuanzia leo hutakaa unifiche jambo. Mimi nimeishi kwenye siku ile mpaka leo.

"Nilipotakiwa kuandika kitu ambacho baba angeweza kukiandika," akasema, "niliandika hicho. Nikakuweka mwashi, nikajiweka mama mkwe ili Fundi asijue. Wewe ukaja ukanisoma, ukadhani ni yeye."

Baba Pacha akavuta kiti akakaa. Hakukana tena. Kobe alikuwa ameandaa maswali mengine matatu mfukoni, yakabaki humohumo.

Alizungumza muda mrefu, na mengi yalikuwa ya kweli. Kwamba hayo mawazo ya huruma ni yake, amekuwa nayo tangu alipoanza kumuuguza mtu anayeuliza kila siku kwa macho kama atapona. Kwamba alijaribu kuyasema kwa jina lake, kwenye kumbi zilezile, na watu wakawa wanaangalia saa. Akisema yeye wanapiga miayo, akitaja Baba wanaandika. Akaanza kushuka gerejini alfajiri, Fundi hajafika, kuliuliza Ghala, akashangaa jinsi linavyojua. Kumbe mtu hahitaji kusoma, akasema, anahitaji kuuliza tu. Alipolisema hilo akayasikia maneno yake mwenyewe.

Mama Pacha akamuuliza ni kitabu gani cha baba alichowahi kukisoma mpaka mwisho. Aliuliza bila ukali. Baba Pacha akaangalia sufuria.

"Na yale ya kwamba amenilea kwa ukatili?"

"Ilibidi watu waamini."

Kobe akahama akaenda kusimama dirishani. Nyuma yake alimsikia yule bwana akitoa ombi lake, kwa sauti ya chini, ya mtu na mkewe. Kwamba kesi si lazima iwepo. Kwamba wanaweza kumwambia mchapishaji mashine ilikosea, Ghala limechanganya mafaili, kitabu kisitishwe, basi. Nani ataumia? Nani anamwogesha baba yako kila siku, ni mimi au siye mimi? Nani anajua pa kumshika? Hilo halina uongo ndani yake.

Ni kweli halikuwa na uongo. Na Mama Pacha akakubali kwamba ni kweli. Halafu akasema, mashine ikisemwa imekosea, hakuna atakayeliamini Ghala tena, na baba sasa hana mdomo mwingine ila huo.

Akachukua simu, akampigia mchapishaji, akaiweka mezani sauti ikiwa wazi. Alisema kwa kifupi kuliko Kobe alivyotarajia. Asimamishe mitambo. Neno la Mwisho si la baba yake, limeandikwa na mtu mwingine, ushahidi upo na Fundi ataupeleka. Mchapishaji akahema, akauliza mtu gani. Mama Pacha akataja jina la mumewe, yote matatu, kama linavyoandikwa kwenye cheti.



"Huyo ni nani?" mchapishaji akauliza.

Ilhali Baba Pacha ndiye aliyezipeleka zile kurasa kwenye ofisi ile, kwa mkono wake, akakaa kwenye kiti cha bwana yule, akanywa chai yake. Alikuwa ameinua kichwa aliposikia jina lake. Akakiinamisha.

Mama Pacha alimwangalia mumewe.

"Ni baba wa watoto wangu," akasema, akakata simu.

Maji yalikuwa yanachemka sasa. Baba Pacha aliinuka kwa mazoea, akazima jiko, akamimina kwenye karai, akachanganya na ya baridi, akapima kwa kiwiko kama wanavyopimiwa watoto wachanga. Alipoliinua karai, mkewe alikuwa ameshasimama mbele yake.

"Leo namwogesha mimi."

Mumewe akamwambia litakuwa zito. Mama Pacha akalichukua tu, maji yakamwagikia miguuni, akachukua na shuka la juu kwenye mrundo. Kobe akawahi kumfungulia mlango wa chumba cha mzee. Aliuona ule uso kwenye mto, macho yamekwenda nyuma ya binti yake, yanamtafuta yule anayekuja na karai kila siku. Mama Pacha akamwambia Kobe, tafadhali mzee wangu, nirudishie huo mlango, nina mambo ya kumwambia baba.

Wakabaki wanaume wawili kwenye korido. Baba Pacha alikuwa bado amekunja mikono ya shati, viwiko vimelowa, hajui mikono aiweke wapi. Ndani ilianza kusikika sauti ya Mama Pacha, ya chini, inasimulia toka mwanzo, bila kuruka.

Baba Pacha akasikiliza kidogo. Halafu akamgusa Kobe begani.

"Mwambie bega la kushoto asilivute," akasema. "Alishike kwa chini, kwapani. Likivutwa linamuuma."

Kobe akagonga mlango, akayasema kama alivyoyapokea. Sauti ya ndani ikakatika. Kwa muda hakukuwa na kitu ila kitambaa kinachokamuliwa juu ya maji. Halafu Mama Pacha akasema amesikia, na akaendelea pale alipoishia.